Chakula kinachojua kusubiri

Shangazi, shikamoo.

Wiki mbili kutoka sasa, siku ya Jumamosi, mimi na mke wangu tunatimiza miaka mitatu ya ndoa. Nataka nimpikie chakula cha usiku mwenyewe, hapa hapa nyumbani, sisi wawili tu. Mtoto wetu ana mwaka mmoja na nusu na kwa kawaida hulala saa mbili kasorobo, kwa hiyo nafasi ipo. Tatizo ni mimi.

Mwaka jana siku yake ya kuzaliwa nilijaribu. Niliona video ya jamaa anakaanga kipande kinene cha nyama ya ng'ombe, anakimwagia siagi kwa kijiko, dakika kumi tu kimeiva. Nikasema hii naiweza. Shangazi, ile nyama ilikuwa nyeusi nje na mbichi ndani. Moshi ulijaa mpaka sebuleni, mtoto akaamka analia. Viazi nilivisahau vikawa uji. Mke wangu, ambaye alikuwa amevaa gauni lake zuri na kukaa mezani kama nilivyomwomba, aliinuka, akaja jikoni, akanichukulia mwiko mkononi bila neno, akakatakata ile nyama vipande vidogo akaipika upya. Tulikula saa nne unusu usiku. Baadaye akasugua sufuria iliyoungua, na gauni lile lile. Aliniambia "asante mpenzi", lakini aliniambia akiwa amenipa mgongo, anasugua.

Safari hii sitaki mchezo. Nimeandaa orodha: tuanze na supu ya uyoga, halafu kamba wa kukaanga kwa siagi na kitunguu saumu (anawapenda sana, ingawa akila huwa anasema midomo inamwasha kidogo), halafu nyama ile ile ya mwaka jana maana nataka kulipiza kisasi, tambi za mchuzi mweupe pembeni, na mwisho keki ya chokoleti ile ambayo ukiikata katikati inamwagika. Jiko letu ni la gesi, plate mbili, na tuna oveni ndogo ambayo sijawahi kuiwasha.

Maswali yangu ni matatu. Je, orodha hii inawezekana kwa mtu wa kiwango changu? Nimfiche ili iwe surprise, au nimwambie? Na nifanyeje asiingie jikoni? Yeye ni mpishi hodari, na akisimama tu pale mlangoni mikono yangu inaanza kutetemeka.

Ni mimi,
Mpishi Mwoga

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, futa kamba. Chukua kalamu sasa hivi, futa. Mtu akila kitu midomo ikamwasha, hiyo si tabia ya kamba, ni dalili ya mzio, na mzio hauna adabu ya kurudi na nguvu ile ile kila mara. Leo ni midomo kuwasha, siku nyingine inaweza kuwa koo kuvimba na pumzi kukata. Kwamba anawapenda hakubadilishi kitu. Mwombe aende kwa daktari apimwe, na mpaka hapo kamba wasikanyage nyumbani kwenu, wala wasipite kwenye kikaango kitakachopikiwa chakula chake. Umeniandikia jambo hilo kwenye mabano, mwanangu, nami nimelisoma mara mbili nikiwa nimesimama.

Haya, sasa tukae.

Orodha yako nimeihesabu: vyakula vitano, plate mbili, mpishi mmoja mwenye mikono inayotetemeka. Hata mpishi wa hoteli ana wenzake wa kumkatia vitunguu. Lakini hesabu ya plate si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba vyakula vyako karibu vyote havijui kusubiri. Nyama ya kukaanga ukiizidishia dakika mbili imekuwa soli ya kiatu. Tambi za mchuzi mweupe zikikaa robo saa zinashikana kama gundi. Hiyo keki ya kumwagika ina dakika yake moja tu, ikipita imekuwa keki ya kawaida, na uitoe kwenye oveni usiyoijua! Vyakula vya namna hii vinakutaka usimame navyo hadi dakika ya mwisho. Mtoto akiamka, umeshindwa. Mke wako akichelewa bafuni, umeshindwa. Na hata kila kitu kikienda sawa, bado yeye atakuwa mezani peke yake anaangalia ukuta, na wewe jikoni unatoka jasho.

Mwaka jana hakuinuka kwa sababu nyama ilikuwa mbichi tu. Aliinuka kwa sababu alikuwa amekaa peke yake.

Kwa hiyo nakupa chakula kimoja, kinachojua kusubiri: mapaja ya kuku ya kupika taratibu kwa vitunguu na nyanya, na wali. Usikunje uso. Najua unaona ni chakula cha siku zote. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, na wewe hujawahi kukipika hata hicho cha siku zote kikatoka vizuri. Nasema mapaja, si kidari. Kidari hakina mafuta wala mishipa ya kutosha, ukikipitiliza kidogo kinakauka. Paja lina ile mishipa laini inayoyeyuka polepole na kuwa utelezi mtamu mchuzini, kwa hiyo ukichelewa dakika kumi au ishirini, linazidi kulainika. Mtoto akiamka, unazima moto, unakwenda kumbembeleza, unarudi. Kuku yupo, anakungoja.

Kwa watu wawili chukua mapaja manne yenye ngozi na mfupa, vitunguu maji viwili vikubwa, nyanya tatu zilizoiva, punje nne za kitunguu saumu, na limau moja. Vitunguu nunua vinne. Utanielewa mbele.

Usimwoshe kuku chini ya bomba. Najua ulivyolelewa, hata mimi nililelewa hivyo, lakini maji yakimpiga kuku yanarusha vijidudu kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye nguo yako, na kinachowaua ni moto, si bomba. Badala yake mfute. Mkaushe kwa karatasi za jikoni mpaka ngozi iwe kavu kabisa, umpake chumvi kijiko kidogo kimoja pande zote, umwache nusu saa. Ukiweza kumpaka usiku wa kuamkia na kumweka kwenye friji, ni vizuri zaidi, chumvi itakuwa imeingia hadi ndani.

Nimesisitiza kukausha na nitakueleza kwa nini, maana hapa ndipo wanaoanza wote wanapoangukia. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 na hayapandi hapo. Ngozi kuwa ya kahawia na kutoa ile harufu inayomfanya jirani achungulie kunataka joto la karibu nyuzi 140 na kuendelea. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliandika juu ya badiliko hilo mwaka 1912, na wapishi mpaka leo wanaliita kwa jina lake. Maana yake kwako ni hii: ngozi ikiwa na maji, moto wako wote unatumika kukausha maji, na kuku anachemka badala ya kukaangika. Anatoka mweupe kama mtu aliyepata habari mbaya.

Basi weka kikaango kizito, kile chenye mfuniko, kwenye moto wa wastani, mafuta kijiko kimoja. Yakipata moto laza mapaja, ngozi chini, yasibanane. Halafu ondoa mikono. Hapo ndipo utakapotaka kuyageuza, kuyasukuma, kuchungulia. Usifanye hivyo. Mwanzoni yatang'ang'ania chini, na ukiyavuta ngozi itabaki kwenye kikaango. Subiri dakika saba au nane. Sikiliza: mwanzo ni kelele kama mvua ya bati, baadaye inashuka, inakuwa mchakacho mdogo, mkavu. Ukisikia hivyo, ingiza mwiko chini ya paja. Litaachia lenyewe. Geuza, dakika tatu, toa yote uweke pembeni kwenye sahani.

Mafuta yaliyobaki mwaga, ubakize kama vijiko viwili. Kumbuka tu, usiyamwage kwenye sinki. Na ikitokea mafuta yakashika moto, usimwagie maji hata tone. Zima gesi, funika kwa mfuniko, ondoka.

Sasa vitunguu. Vikate vyembamba, uvitie kwenye mafuta yale yale kwa moto mdogo, na chumvi kidogo ili vitoe maji. Dakika kumi na tano, mwanangu, si tano. Video zote zinadanganya kuhusu vitunguu. Koroga mara moja moja huku ukikwangua ile rangi ya kahawia iliyoganda chini, hiyo ndiyo mchuzi wenyewe. Vikiwa laini na rangi ya asali, tia kitunguu saumu kilichopondwa, dakika moja tu maana kikiungua kinaleta uchungu usiotibika, kisha nyanya zilizokatwa. Ziache zipondeke mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Ongeza maji nusu kikombe, rudisha mapaja na majimaji yake yote ya kwenye sahani, ngozi juu, funika, punguza moto mpaka mchuzi uwe unatokota kwa uvivu. Dakika arobaini. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifike nyuzi 70 hadi katikati, na kuku aliyetokoswa muda huo, nyama imeanza kuachia mfupa, amezipita. Limau ukamulie mwishoni baada ya kuzima.

Ukionja, utaona ladha imefifia. Usikimbilie chumvi! Ukikaa jikoni saa nzima pua yako inazoea ile harufu na kuacha kukupa taarifa, na pua ikilala, ulimi nao unapoteza nusu ya kazi. Toka nje, vuta hewa dakika tano, kunywa maji, rudi uonje tena. Na chumvi ikizidi, hiyo habari ya kutumbukiza kiazi kiifyonze achana nayo. Kiazi kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, kinachobaki kina ukali ule ule. Ongeza nyanya au maji yasiyo na chumvi.

Wali sikufundishi, nina imani angalau huo unauweza. Nakuomba jambo moja: ukiiva uzime, funika na uuache dakika kumi bila kufunua. Na ukibaki usiku huo, usiuache kwenye sufuria hadi asubuhi. Wali uliolala nje una kijidudu kinachotoa sumu isiyokufa kwa kupasha moto.

Uyoga, tambi, keki, vyote futa. Mwisho wa chakula kata matunda anayoyapenda, yapoe kwenye friji, na uyeyushe chokoleti ya kuchovya: bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, bakuli lisiguse maji. Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti inagandamana kama udongo, kwa hiyo kausha bakuli, kausha kijiko, kausha matunda. Chokoleti huyeyuka kwenye joto la chini kidogo ya joto la mwili wa mtu, ndiyo maana haihitaji moto mkali, wala mdomoni haihitaji kutafunwa. Watu husema pia inaamsha mapenzi. Ushahidi wa maana wa hilo sijauona, ila kula kwa vidole kutoka bakuli moja, hilo nina imani nalo kubwa.

Ile nyama ya kisasi, pika siku nyingine ukiwa peke yako. Kisasi chako na nyama hakimhusu mke.

Swali la pili. Usimfiche. Kumshtukiza mama mwenye mtoto wa mwaka na nusu ni kumwongezea kazi, atakuta jiko halieleweki na hajui aanzie wapi. Mwambie tangu katikati ya wiki: "Jumamosi usipike, usiku nakupikia, mchana kula kidogo." Atapata siku tatu za kukifurahia chakula kabla hata hakijapikwa. Chakula chenyewe ndicho ubaki nacho siri kama moyo unakuwasha kuwa na siri.

Halafu kuna jambo hukuuliza, na mimi naliona kubwa kuliko hata la kuku. Wewe ukiwa jikoni saa mbili zile, mtoto atakuwa na nani? Ukijibu "na mama yake", umempa zawadi kwa mkono wa kulia ukaichukua kwa wa kushoto. Kwa hiyo pika mchana, wakati mtoto amelala. Saa saba unaanza, saa tisa kuku tayari, mke wako ulimwambia akalale naye, au atoke aende anakopenda. Usimwache kuku mezani mpaka usiku. Akishapoa kidogo, ndani ya saa mbili awe kwenye friji. Jioni unamrudisha jikoni, moto mdogo, mpaka mchuzi utokote wote, si uvuguvugu. Ngozi haitakuwa kavu tena, lakini utamu wake umeshahamia mchuzini, na mchuzi uliopumzika hivyo huwa mtamu kuliko wa saa ile ile. Wali uanze kuupika wakati unamwogesha mtoto. Naam, unamwogesha wewe. Umlaze wewe pia. Yeye anaoga taratibu, mlango umefungwa, maji ya moto yote ni yake.

Ukifanya hivyo swali lako la tatu linajijibu. Saa mbili na robo akitoka chumbani, jikoni hakuna cha kusimamiwa mlangoni. Sinki tupu, maana mchana, katika zile dakika arobaini za kutokosa, ulikuwa unaosha vyombo, si unaangalia simu. Kama bado atataka kuingia (na ataingia, mpishi hodari hawezi kupita sufuria bila kufunua), mpe kijiko aonje, umuulize kama limau linatosha. Mtu akiulizwa haongozi. Akisema ongeza, ongeza bila kujitetea.

Mishumaa ukitaka, iwe isiyo na manukato, hakuna anayetaka kula kuku mwenye harufu ya waridi, na ikae mbali na pazia. Maua sawa, mafupi, muonane. Simu zote mbili chumbani.

Baada ya kula, sufuria iloweke maji usiku huo, uioshe asubuhi kabla hajaamka. Yeye asiiguse. Akiinuka kuishika, mshike mkono umrudishe kitini, maana ile picha ya mgongo wake mbele ya sinki mnayo wote wawili.

Na fanya jaribio. Jumamosi hii inayokuja pika kuku huyo huyo, chakula cha kawaida, usitangaze chochote, hata ukisema unajifunza tu si uongo. Utajua kikaango chako kina joto gani, mchuzi unataka maji kiasi gani, dakika zangu kwako ni ngapi, maana gesi hazifanani. Akikurekebisha siku hiyo, andika anachosema kwenye karatasi. Vitunguu labda vitaungua. Usivifiche kwa nyanya, havifichiki. Vitupe, futa kikaango, anza upya na viwili vilivyobaki. Ndiyo sababu nilikuambia ununue vinne.

Shangazi